Tisa, Imejaa

Ukitaka kujua yaliyopita katika kilima hiki usipoteze wakati na vitabu. Ingia ofisini mwa Sekondari ya Kutwa ya Korosiot, utazame ubao ulio nyuma ya meza ya mwalimu mkuu. Umepakwa rangi ya samawati, mistari nyeupe, na kila mwaka una safu yake: kisanduku cha kila darasa, halafu jumla.

Miaka ya mwanzo nambari zimenona. Watoto wa wachumaji chai walipanda kutoka nyumba za kampuni, Wakisii, Waluo, Waluhya. Watoto wa wenye mashamba, Wakipsigis, walishuka kutoka upande wa msitu. Na watoto wa wafanyabiashara, ambao babu zao walitoka Murang'a na Nyeri wakiwa na panga na Biblia, walikuja na viatu vilivyong'arishwa kwa mafuta ya kupikia. Halafu kuna mwaka nambari imekonda ghafla, kwa sababu mtu mkubwa alikuwa amesimama juu ya gari akasema katika hiki kilima kuna madoadoa, yaani watu wa kuja, na madoadoa hufuliwa. Halafu ikapona kidogo. Halafu mwaka elfu mbili na nane, ambao safu yake iko tupu. Mchoraji alikuja na rangi yake, akauliza aandike ngapi, hakuna aliyemjibu, akaenda nyumbani.

Miaka ya karibuni haikukonda ghafla. Imekauka polepole, kama ng'ombe anayekamuliwa na mtu asiyemlisha. Kampuni ilileta mashine za kuchuma chai. Mashine haina mtoto. Mikono iliyofutwa kazi ilirudi kwao na watoto wake, nyumba za kampuni zikabaki madirisha yamepigiliwa mabati, na wakubwa wakaja wakala chakula cha mchana wakasema hayo ndiyo maendeleo. Hakuna aliyeuliza shule itajazwa na nani. Miaka ilipopita walituma watu kuuliza kwa nini haijai.

Mwaka huu ulikuwa wa Gredi ya Kumi, darasa jipya lisilojulikana na mtu. Agizo lililofika Korosiot lilikuwa fupi: shule isiyopata wanafunzi kumi haitafungua darasa hilo, na watoto watagawanywa kwingine. Bilhah Wanjeri hakuhitaji kufafanuliwa. Shule ikikosa Gredi ya Kumi mwaka huu, mwaka ujao itabaki na Kidato cha Nne peke yake, na mwaka wa kufuata itabaki na popo.

Bilhah alikuwa mwakilishi wa wazazi, ingawa mtoto aliyemwakilisha ni mjukuu. Shirley aliachwa kwake akiwa bado ananyonya, binti yake Tabby alipokwenda Nakuru kufanya kazi jikoni mwa hoteli. Tayari Shirley alikuwa ametajiwa shule ya bweni ng'ambo ile ya kaunti, iwapo Korosiot haitafungua. Tabby alipiga simu akasema bweni si mbaya, hata yeye atachangia. Bilhah akamjibu, "Huyu haendi mahali sitasikia akikohoa." Tabby alijua neno hilo linatoka wapi.

Kwa biashara Bilhah aliuza viazi na kabeji soko la Mogogosiek. Alinunua shambani kwa wenyewe, kutoka Boito mpaka Kimulot, kwa hivyo alijua kila lango na kila mbwa. Ndiyo maana mwalimu mkuu, Madam Rebeccah Chepchirchir, ambaye alihamia Korosiot mwaka jana tu, alimwomba apite nyumba kwa nyumba awaulize wazazi nani ataleta mtoto wake kwa kweli. Ujumbe wa simu ulikuwa umetumwa ukajibiwa na watu wawili, mmoja akiuliza kama ni matapeli.

Bilhah akazunguka. Mvua ilikuwa ya kilima, ile isiyoanza wala kuisha. Nyumba nyingine alipewa chai, nyingine alipewa sababu. Mama mmoja alimwambia kijana wake sasa anachuma chai kibarua na ameanza kunyoa ndevu, shule atafanya nini. Nyumba za kampuni alimpata mama Nyambeki, Mkisii wa mwisho katika mstari mzima wa nyumba, akipika katikati ya milango iliyofungwa. "Nelvine wangu atakuja," mama Nyambeki akasema. "Sisi tukiondoka hapa, hata paka ataondoka."

Jioni Bilhah alipanda juu mahali net inashika, akapiga simu akiwa amejifunika gunia kichwani.

"Madam, nimemaliza. Nimefika mpaka kwa mama Nyambeki."

"Asante sana, Mama. Wako wangapi? Sikusikii vizuri, niambie nambari pekee, majina tutaandika wakija."

Bilhah aliangalia huku na huku, kama mtu anayetaka kutema mate karibu na kanisa.

"Tisa," akasema. "Imejaa."

"Sawa, tisa. Pole, Mama. Umejaribu."

Simu ikakatika. Bilhah akajiuliza hiyo pole ni ya nini, akaamua ni ya mvua.

Sasa, kwa mama yake Bilhah, watoto hawakuhesabiwa mpaka mwisho. Kuhesabu mpaka mwisho ni kumfungulia mlango yule wa mwisho, na nje kuna kitu kinachongoja siku zote. Kwa hivyo mama yake alisema kwa Kikuyu kenda muiyuru, tisa iliyojaa, na kila mtu jikoni akajua ni kumi, akatoa sahani kumi. Bilhah alikuwa na umri wa kwenda shule kabla hajagundua kwamba kuna watu ambao kwao tisa ni tisa. Na watu hao, kama ilivyo desturi ya nchi hii, ndio waliopewa ofisi.

Mara moja tu alikiuka mwiko huo. Mwaka ule wa safu tupu walifukuzwa usiku, wakaenda kulala katika uwanja wa kituo cha polisi, yeye, mumewe Kinuthia, mama mkwe na watoto wao na wa shemeji. Karani wa misaada akaja na jaketi ya rangi ya machungwa. Mko wangapi? Tisa, imejaa, Bilhah akasema. Karani akahema. Mama, sema vizuri, nambari ndiyo blanketi. Bilhah akawatazama wake, akasema kumi. Wakapewa kumi. Wa kumi alikuwa Nganga, kitinda mimba, anayeongea maneno nusunusu. Kabla ya wiki kwisha Nganga alishikwa na kifua akafa. Daktari alisema ni baridi. Bilhah hakubishana naye. Baridi ilikuwepo. Blanketi pia ilikuwepo.

Aliporudi Korosiot mwaka uliofuata alikuta jirani yake, Mzee Johana Kimeli, amemtunzia ng'ombe, na ng'ombe amezaa. Johana akamrudishia wote wawili. Nani alichoma nyumba, hilo halikuzungumzwa. Wako watu kilimani hapa ambao husalimiana kila siku kwa sababu ya mambo wasiyoyazungumza.

Huyo Johana ndiye sasa mwenyekiti wa bodi ya shule, na siku afisa wa elimu alipokuja, ndiye aliyekaa mbele, kofia magotini. Afisa alikuwa kijana wa Nyamira, jina lake Mageto, viatu vimejaa matope mekundu, tableti ndani ya mfuko wa nailoni. Wazazi walikuwa wamejaza chumba cha walimu. Shirley alikuwa mlangoni na thermosi, kwa sababu bibi yake alimwambia aje kumwagia watu chai, na kwa sababu alitaka kusikia.

Mageto hakuwa mtu mbaya. Aliongea kama wanavyoongea wanaotumwa.

"Wazazi, sitawapotezea wakati. Shule hii ilituma idadi ya Gredi ya Kumi, na idadi ni tisa. Agizo mnalijua. Kwa hivyo darasa halitafunguliwa, na nimekuja na shule ambazo watoto watagawiwa."

Mtu akaweka kikombe chini.

"Nani alisema tisa?" Bilhah akauliza.

Madam Rebeccah akageuka. "Mama, si ni wewe? Ulinipigia."

"Nilisema imejaa."

"Ndiyo, ukasema imejaa. Nikajua unamaanisha hakuna wengine."

"Imejaa, Madam. Tisa imejaa."

Mageto akatabasamu kwa adabu. "Mama, mimi nimesoma hesabu mpaka chuo kikuu. Tisa haina tumbo. Haiwezi kujaa."

Watu wakacheka, kicheko cha kutaka kulia. Mzee Johana, ambaye ulimi wake haukuwahi kupatana na herufi b, d wala g, akainua kofia. "Pwana Maketo, wewe hujui hawa watu. Tisa ya Mkikuyu inazaa. Ukilala nayo, asupuhi ni kumi."

Kicheko kikawa kikubwa. Bilhah peke yake hakucheka, na Johana alipomwona hacheki, chake kikakatika katikati.

"Ngoja," akasema. "Mama Pilhah. Ni kumi?"

Bilhah akatazama sakafu.

"Mama, ni kumi?" Mageto akauliza. Alikuwa ameacha kutabasamu.

"Ni tisa. Imejaa."

Hapo Madam Rebeccah akaelewa, na uso wake ukawa wa mtu aliyeacha maziwa jikoni. "Ni kumi! Bwana Mageto, andika kumi. Ni mimi nilikosea. Andika."

"Siwezi, Madam." Mageto akaiweka tableti mezani, akaifunika kwa kiganja. "Wewe ulituma tisa. Leo nimekuja kufunga, unasema kumi. Nyinyi wenyewe mnajua mambo ya wanafunzi hewa. Shule ziliandika watoto ambao hawakuzaliwa. Nikibadilisha kwa neno la mwalimu mkuu, kesho mimi ndiye niko kwa gazeti. Aliyezunguka nyumba kwa nyumba ni nani? Ni huyu mama. Aseme yeye mwenyewe mbele ya watu, awataje, na atamke idadi. Nitaandika vile atasema, na siku ya kufungua nitarudi kuwaona kwa macho."

"Awataje pila nampari," Johana akasema. "Hata sisi hatuhesapu ng'ompe, kijana. Jioni wakiingia tunaangalia rangi. Rangi moja ikikosa, tunajua."

"Mzee, hii kitu haina mahali pa rangi."

"Hiyo ntiyo shita yake."

"Kwetu pia," Mageto akasema, kwa sauti ya chini zaidi, "nyanya yangu alikuwa hivyo. Hakukubali tuhesabiwe tukiwa tumelala. Lakini, Mama, nyanya yangu hajaajiri mtu. Nimeajiriwa na hawa walionituma."

Bilhah akasimama. Akashika pindo la leso yake, akaanza kulikunja, kila nyumba kunjo moja.

"Kwa mama Nyambeki, Nelvine." Akakunja. "Kwa Kipkorir fundi wa viatu, msichana wake. Kwa mjane wa pale juu ya kiwanda, kijana. Kwa Mzee Johana mwenyewe, mjukuu wake yule anacheza mpira."

"Huyo atakuja hata kama ni kwa kipoko," Johana akasema.

Akaendelea. Kwa pasta. Kwa mama wa kibanda cha mandazi. Kwa yule Mluhya mlinzi aliyekataa kuhama. Watu walikuwa wanamsikiliza huku wanahesabu kwa vidole chini ya meza, kila mmoja akidhani ni yeye tu. Kwa mwenye posho mili, msaga unga. Kwa yule dada anayekaa karibu na posta ya zamani, anayelea mtoto wa ndugu yake. Kunjo la leso likawa nene mkononi.

Mageto akangoja. "Hao ni tisa, Mama."

"Imejaa."

"Ni tisa. Mwingine ni nani?"

Nje, matone yalidondoka kutoka mabati, moja baada ya lingine, na Bilhah akayasikia, asiweze kujizuia kuyahesabu. Mtu nyuma akanong'ona, "Mama anaringa na nini? Shule inafungwa." Mwingine akamwambia nyamaza, wewe hukuwa hapa mwaka ule. Yule wa kwanza akauliza mwaka gani. Hivyo ndivyo inavyosahaulika, mtu huuliza mwaka gani.

"Shosho."

Ilikuwa Shirley, mlangoni, thermosi kifuani.

"Shosho, na mimi je? Umetaja kila mtu. Mimi ni wa wapi?"

Hakuuliza kwa hasira. Aliuliza kama mtoto anayeona sahani zimegawiwa na yeye hana. Alijua habari za Nganga. Picha yake ilikuwa ukutani nyumbani, amevaa kofia ya sufu. Habari za kuhesabu hakuambiwa. Bilhah hakuwahi kuona namna ya kumwambia mtoto kwamba kupendwa kwake ni kutotajwa.

Bilhah akamtazama msichana kutoka viatuni mpaka usoni, polepole. Kama asingesema, Shirley angekwenda ng'ambo ya kaunti, akalale katika chumba cha watu wengi, akohoe huko. Akisema, atakuwa amemfungulia mlango kwa mkono wake. Pande zote mbili kilikuwa kifua kilekile. Tofauti ni kwamba upande mmoja angekuwa karibu akisikia.

"Kwa Bilhah," akasema, "Shirley." Akakunja kunjo la mwisho. "Kumi."

Mageto aliandika haraka, kama anayeogopa neno litarudi mdomoni. Madam Rebeccah akapiga makofi, wengine wakafuata, mama mmoja akapiga kigelegele. Bilhah hakukingoja kimalizike. Alimpita Shirley mlangoni, akamvuta sweta akamfunga kifungo cha juu, akatoka kwenda kumwona ng'ombe.

Darasa likafunguliwa. Mageto akarudi kama alivyosema, akawaona wote kwa macho, hata mjukuu wa Johana aliyefika amechelewa vidole vikiwa vya kijani kwa chai. Nelvine Nyambeki na Shirley wakashirikiana dawati. Kila asubuhi Bilhah aliamka kabla ya Shirley, akasimama nje ya mlango wa chumba chake akisikiliza pumzi. Chai ya nyumba hiyo ikawa na tangawizi nyingi kuliko majani. "Shosho, hii si chai, hii ni pilipili," Shirley alilalamika, na bibi yake akamwambia anywe.

Wiki ya tatu, mchoraji Kipkemoi akaja kuandika mwaka mpya kwenye ubao wa ofisi. Bilhah alikuwepo, alikuwa ameleta viazi vya chakula cha mchana cha shule. Mzee Johana pia, kwa sababu mwenyekiti hupenda kusimama nyuma ya mtu anayefanya kazi. Kipkemoi akaandika Kidato cha Nne, akaandika Kidato cha Tatu, akafika kwenye kisanduku cha Gredi ya Kumi, akachovya brashi.

"Hapa kumi?"

Madam Rebeccah akasema ndiyo. Bilhah akaweka gunia chini. Mkono wake ulikuwa umeenda kwenye pindo la leso.

"Antika tisa," Johana akasema.

"Mzee," Madam Rebeccah akasema, "wakija kukagua watasema tumedanganya."

"Antika tisa kupwa. Halafu ujaze."

"Nijaze aje, Mzee?"

"Si tisa iko na shimo hapo juu? Jaza hilo shimo na rangi. Hata yule kijana wa hesapu ataona tumpo lake."

Kipkemoi akamtazama mwalimu mkuu. Mwalimu mkuu akatazama safu ile tupu ya mwaka elfu mbili na nane, akainua mabega. Kipkemoi akaandika 9, akarudi juu, akazungusha brashi ndani ya duara mpaka samawati yote ikapotea. Ikabaki nambari nyeupe yenye kichwa kizito, ikilengalenga na ubichi.

Bilhah akaiangalia. Akamwangalia Johana, ambaye alikuwa tayari ameinama kuchagua kiazi kikubwa guniani akisema vya mwaka huu ni vidogo, kama vimeibwa kabla ya kukomaa. "Weka hicho chini," Bilhah akamwambia. "Ni cha watoto." Akamwaga viazi stoo, akakunja gunia.

Njia ya kutokea inapita chini ya dirisha la Gredi ya Kumi. Mwalimu alikuwa anasoma kwa sauti na darasa likifuata. Katikati ya sentensi mtu akakohoa, mara moja. Bilhah akasimama, gunia mkononi, akisubiri kusikia kama kikohozi kitarudi.